Usiku wa Pili

Swali la kwanza aliloniuliza fundi halikuhusu betri. Aliizunguka pikapu mara moja bila kusema neno, akagonga kwa kifundo cha kidole ubavu wa chumba cha alumini kilichofungwa mgongoni mwake, akafungua mlango wa nyuma, akainama kuitazama friji, kisha akanigeukia.

"Mama, usiku wa pili mtalala wapi?"

Mimi nilikuwa nimekuja na jibu la swali jingine. Jirani yangu ana betri ya lithiamu ya ampea-saa 300 kwenye Land Cruiser yake, nami nilitaka kama hiyo. Tulikuwa tunajiandaa kwenda Turkana na watoto likizo ya Agosti: Nanyuki, Marsabit, Kalacha kando ya jangwa la Chalbi, halafu Loiyangalani, ambako tungekaa siku tatu. Nikamweleza yote hayo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Usiku wa kwanza haunipi shida," akasema. "Siku hiyo mmeendesha tangu asubuhi, alterneta imefanya kazi, mnafika betri imejaa. Huo mtu yeyote atakufungia. Mimi naulizia ule wa pili, gari likiwa limesimama kutwa nzima."

Kazi yote aliyoifanya katika siku zilizofuata ilitoka ndani ya swali hilo.

Karakana yake iko Karen, nyuma ya kitalu cha miche, kwenye barabara ya vumbi inayochepuka kutoka Ngong Road. Mwezi wa Julai Karen haina jua la kujivunia. Ukungu hushuka kutoka vilima vya Ngong, majani ya miti hudondosha maji kana kwamba mvua imenyesha, na mara nyingi adhuhuri hukukuta bado umevaa sweta. Ni mahali pagumu pa kupimia jua. Lakini ndipo magari ya safari yalipo. Upande huu wa jiji ndiko iliko Jungle Junction, kambi inayojulikana na watu wanaolivuka bara kwa gari kati ya Cairo na Cape Town, ambao hutua Nairobi kufua nguo, kungoja viza na kutengeneza kilichoharibika njiani. Kwa miaka mingi magari ya namna hiyo yamepita mikononi mwa mafundi wa hapa, na kila gari limekuja na kosa lake la kufundishia.

Yeye mwenyewe alizijua betri kabla ya kuijua sola. Alikulia Meru, na ujanani alifanya kazi kwenye kibanda cha kuchajia betri, ubavuni mwa kinu cha kusaga mahindi. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka mambo hayo: televisheni ndogo isiyo na rangi, betri ya gari chini ya meza sebuleni, na safari ya kuipeleka sokoni kuchajiwa, imefungwa kwa mpira kwenye keria ya baiskeli, ili habari na mpira wa Jumapili visitupite. Yeye ndiye aliyekuwa akizipokea. Anasema betri zote zilikuwa karibu ukubwa mmoja, lakini moja ilirudi kila baada ya siku nne na nyingine ilikaa wiki mbili. Akaanza kuwauliza wenyewe: mnaangalia hadi saa ngapi? Taa ngapi? Nani anayelala wa mwisho? Kabla ya kumaliza mwaka, aliweza kukisia siku betri itakaporudi kwa kuijua nyumba ilikotoka.

Zilikuwa zama nzuri za kujifunza kazi hiyo Meru. Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwalimu wa kujitolea Mark Hankins walifunga umeme wa jua katika shule ya upili ya Karamugi, na mafundi wa huko wakafundishwa kazi hiyo kwa mikono yao. Kutoka mashuleni paneli zikaingia katika nyumba za wakulima, na vijana waliokuwa wakichaji betri za watu wakawa ndio wanaopanda juu ya mabati. Leo fundi wa sola nchini Kenya hupewa leseni kwa ngazi na mamlaka ya nishati, EPRA. Yake imetundikwa juu ya benchi, ndani ya karatasi ya plastiki, kando ya kalenda.

"Niachie friji," aliniambia siku ile ya kwanza. "Na chupa za maji mnazotumia nyumbani, na nyama kidogo kama mnabeba nyama."

Nilidhani angesoma kibandiko cha nyuma na kuandika wati. Alikisoma kweli: wati 45. Kisha akakifunika kwa kiganja. Kibandiko, alinieleza, kinakwambia friji inakula kiasi gani inapokula. Hakikwambii inakula mara ngapi kwa siku. Kompresa huwaka, ikapoza, ikanyamaza, ikangoja, ikawaka tena, na ule muda wa kunyamaza ndio unaoamua ununue betri gani. Akaiunganisha friji na mita inayohesabu kila ampea inayopita, akaijaza chupa na nyama, akaiweka juani palipokuwa na jua, akaiacha saa 24. Mchana aliifungua kila baada ya muda, kama mtoto anayetafuta soda. Usiku mlinzi wa kitalu aliombwa aifungue mara moja, saa nne.

Kesho yake mita ilisoma wati-saa 360. Maana yake, katika baridi ya Karen, friji ilifanya kazi thuluthi moja tu ya siku.

"Hii ni Karen," akasema, na hapo akaitoa daftari.

Ni daftari ya shule, ya mistari, yenye jalada la bluu lililogeuka kijivu kwa mafuta ya mikono. Kila mteja anayeondoka hupewa kazi moja: asubuhi, kabla jua halijachomoza, asome mita na kuandika. Akirudi Nairobi, alete namba. Wengi hawaleti. Wanaoleta wameingia humo: gari, mahali, mwezi, namba ya alfajiri, na neno moja au mawili pembeni, kama vile "upepo", "mawingu", "watoto watatu". Magadi ina kurasa zake. Samburu ina zake. Kwa Turkana alipitisha kidole polepole, akasimama, akaandika kwenye karatasi yangu: 600.

Sijawahi kuona namba iliyoheshimiwa hivyo. Haikutoka kwenye kibandiko wala kwenye tangazo. Ilitoka kwa watu walioamka gizani miaka iliyopita, kando ya ziwa, wakawasha tochi na kuandika.

Mengine yaliyobaki yalikwenda haraka. Taa mbili za wati 5 kwa saa nne, wati-saa 40. Simu nne, 60. Kompyuta yangu, 60. Feni ya wati 12 usiku kucha kwa saa nane, 96. Pampu ya maji, dakika kumi kwa siku, 10. Jumla 866. Akaifikisha 1,000 kwa ajili ya kile alichokiita "ya njiani": umeme unaogeuka joto ndani ya inveta, ndani ya waya na ndani ya betri yenyewe. Halafu akaigawa siku mara mbili, jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Mchana tungetumia wati-saa 450 paneli ikiwa kazini. Usiku tungetumia 550 betri ikiwa peke yake.

Kisha akageukia jua. Juu ya paa tulikuwa na nafasi ya paneli za wati 200. Mtu akisikia wati 200 na mchana wa saa 12 huzidisha akafurahi. Fundi hahesabu saa za mchana. Anahesabu saa za jua kamili, yaani mwanga wote wa siku ukikusanywa na kupangwa kama jua la utosini. Kwa Turkana aliandika sita. Kwa Karen mwezi huu hakuandika kitu, aliinua macho tu kuutazama ukungu. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, paneli iliyolala bapa juu ya gari haipotezi mengi. Huko Ulaya wasafiri huhangaika kuiinua iliangalie jua. Adui wetu ni joto. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa kwenye nyuzi 25, na kwa kila nyuzi inayozidi hapo hupungukiwa na karibu asilimia 0.4 ya nguvu zake. Juu ya paa la gari jangwani hufika nyuzi 60 na zaidi. Basi akachukua 200, akazidisha kwa sita, akatoa thuluthi karibu nzima kwa joto, vumbi na hasara nyingine. Akapata wati-saa 840.

Hapo ndipo nilipoanza kuona alichokuwa akikijenga. Kila siku tuliyosimama tungetumia 1,000 na kuvuna 840. Pengo la 160 si kubwa, lakini hujirudia kila siku. Betri yetu ilipaswa kubeba usiku mmoja, 550. Na mapengo ya siku mbili, 320. Na, kwa kuwa alikuwa akiongea na mama mwenye watoto, siku moja ya mawingu mazito ambayo ingetunyima mavuno ya wati-saa 600 hivi. Jumla 1,470.

"Wahenga walisema akiba haiozi," nikamwambia. "Kwa nini nisiweke kubwa tu, nikalala usingizi?"

Alivuta kiti cha plastiki akakaa, nikajua swali nililouliza lina uzito kwake.

Betri ya risasi na asidi, alisema, ni akiba inayooza. Ni ufundi wa zamani; Mfaransa Gaston Planté aliutengeneza mwaka wa 1859, na bado ndio unaowasha magari yetu kila asubuhi. Inapotoa umeme, sahani zake za risasi hupata utando wa chumvi ya salfeti. Ukiijaza upesi, utando huyeyuka. Ukiiacha nusu, wiki hii na wiki ijayo, chumvi hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena, na kila fuwele ni nafasi ambayo hutairudisha. Kwa hiyo mtu mwenye paneli ndogo anayenunua betri kubwa ya asidi amejenga ghala lisilojazwa na shamba lake. Miaka miwili baadaye anailaumu betri. Zaidi ya hayo, ukitaka idumu usiichote kupita nusu, maana yake ampea-saa 200 za asidi ni 100 za kutumia, na uzito wake ni karibu kilo 60 juu ya springi ambazo tayari zimebeba chumba, maji na watu.

Lithiamu ya fosfati ya chuma, iliyotokana na kazi ya miaka ya 1990 katika maabara ya John Goodenough huko Texas, haina ugonjwa huo. Unaweza kuchota asilimia 80 bila kuiumiza, na kukaa nusu haiidhuru. Lakini nayo ina haki zake. Haipendi kuchajiwa kwenye baridi ya chini ya sifuri, na anayepanda na gari upande wa Sirimon kwenye Mlima Kenya anapaswa kulijua hilo. Tena huficha hali yake. Betri ya asidi iliyopumzika ukiipima kwa volti inakwambia ukweli: 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu. Ya lithiamu hukaa karibu na volti 13 muda mrefu kama mtu asiyetaka kusema ana njaa, kisha huanguka ghafla. Ndiyo maana lazima uhesabu kinachoingia na kinachotoka.

"Ya 300 haitaharibika," akasema. "Ila nusu yake utaizungusha Turkana na kuirudisha bila kuigusa. Ni pesa na ni kilo. Pesa hiyo nunua tairi."

Akaandika: lithiamu, ampea-saa 150. Hiyo ni wati-saa 1,920. Asilimia 80 yake ni 1,536. Ilizidi hitaji letu kwa 66, ambazo zinatosha simu za siku moja tu. Ndiyo nafasi aliyoniachia ya kukosea.

Siku ya kufunga nilikaa pale tangu asubuhi. Nilimwona akiipinda waya nene ya milimita sita za mraba kufuata ukingo wa chumba, akiifunga kila shubiri moja ili isisuguane na bati kwenye mawe ya Loiyangalani. Nikamuuliza kwa nini isiwe nyembamba, kwa kuwa friji inavuta ampea chache. Alinitengenezea mfano kwenye benchi: waya ya milimita mbili na nusu, mita tano kwenda na tano kurudi. Friji ilipowaka, mita iliyokuwa mdomoni mwa friji ilishuka kwa karibu robo volti. Usiku, betri ikiwa imechoka kidogo, robo volti hiyo inatosha kuifanya friji idhani betri imekwisha, ikazima yenyewe. Watu wengi, alisema, wamenunua betri mpya kwa sababu ya waya.

Fyuzi aliiweka karibu sana na betri hivi kwamba nilidhani amekosea vipimo. Waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi, alieleza, na betri ya lithiamu ikigusanishwa nguzo zake hutoa mamia ya ampea kwa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo sehemu isiyo na mlinzi iwe fupi kuliko kidole.

Mwisho kabisa jua likatoka, dakika kumi hivi. Akaniita juu ya ngazi. Paneli ilikuwa ikitoa ampea sita. Akaweka kiganja juu ya kipande kimoja tu cha paneli, kimoja kati ya 36, na mita ikaporomoka hadi chini ya nusu. Vipande hivyo vimeunganishwa kwa mfululizo kama watu wanaopokezana ndoo. Mmoja akisimama, foleni inasimama naye. Akaniangalia kuona kama nimeelewa. Nilielewa. Watu hutafuta kivuli cha mgunga, na paneli hutafuta jua, na dereva ndiye anayepaswa kuamua kila siku nani atakaa wapi. Tawi moja jembamba juu ya paa lingeweza kuziangusha hesabu zote zilizokuwa kwenye karatasi yangu.

Tulikwenda. Kalacha ilitupa usiku mmoja wa nyota na mchanga ndani ya viatu. Upande wa ziwa tuliiona ile mitambo 365 ya umeme wa upepo, mirefu, myeupe, ikigeuka pamoja, na tukaona nyaya zake zikielekea kusini hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, kuwapelekea umeme watu wa nyumbani kwetu. Mwanangu aliuliza kama tunaweza kuchota kidogo. Nikamwambia sisi tuna wetu, tumeubeba.

Loiyangalani, usiku wa kwanza, hatukuwaza lolote. Usiku wa pili upepo ulivuma mpaka chumba kikatikisika, feni ikanguruma, friji ikawaka na kunyamaza, ikawaka na kunyamaza, nami nililala macho nikiisikiliza kama mtu anayesikiliza pumzi ya mgonjwa. Kabla ya mapambazuko niliwasha tochi nikasoma mita. Fundi alikuwa amekadiria betri ingebaki na asilimia 63. Ilikuwa 58.

Nikaiandika. Siku ya tatu ilikwenda salama, na tukarudi na nyama iliyo baridi.

Mwanzoni mwa Septemba nilimpelekea namba. Karen ilikuwa imeanza kufunguka, na kitalu kilikuwa kimetoa miche ya bogenvilia barabarani. Aliisoma karatasi, akanyamaza. Nilianza kumweleza kuhusu upepo, akainua kidole polepole. Alikuwa akihesabu.

"Asilimia tano," akasema. "Wati-saa 96 hivi. Mama, jioni ile ya pili mliongeza nini kwenye friji?"

Nilitaka kusema hatukuongeza kitu. Kisha nikakumbuka: duka la pale kijijini, joto, watoto, soda kumi na mbili za nusu lita zilizokuwa rafuni tangu sijui lini, na jinsi tulivyozipanga zote ndani kwa furaha.

"Zilikuwa moto?"

"Moto kabisa, fundi."

Lita sita za kitu cha moto, alieleza, kuzishusha mpaka baridi ya kunywa, ni karibu wati-saa mia. Hakunilaumu. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa Turkana, akaandika gari letu, Loiyangalani, Agosti, 58. Pembeni, mahali ambapo wengine walikuwa na upepo na mawingu, akaandika kwa penseli iliyochongwa kwa kisu: "soda 12". Akalipuliza vumbi la penseli, akaifunga, akatoka kwenda kuizunguka pikapu nyingine iliyokuwa imeingia, bila kusema neno.